Kutia nakshi, ni kusema uongo?

Ukikaa barazani Buyenzi, hapa Bujumbura, kuna maneno mawili hayapiti siku bila kuyasikia. La kwanza ni broderi, kwa sababu mafundi cherehani wako kila kona na mama hawezi kushona kitenge cha harusi bila maua shingoni. La pili ni nakshi. Mtu akianza kusimulia namna alivyovuka Rusizi, akairefusha, akaongeza mamba wawili na mwezi uliojificha nyuma ya wingu, mwenzake anamkata: "We, punguza nakshi, sema tu!" Wote wanacheka, na hadithi inaendelea na mamba wake.

Barazani ni mchezo. Lakini wazo hilohilo linakaa pia ndani ya biro, pale mkimbizi anapohojiwa, na kule hakuna anayecheka. Wakiona umetia nakshi, dosie inalala. Linakaa hata machoni mwa mgeni anayepita kambini, akiona nyumba ya udongo imechorwa vizuri, anajiuliza kama wenye nyumba wana shida kweli. Njo maana nimeona tulikalishe chini neno hili tuliulize: mtu anayepamba, awe anapamba ukuta au anapamba maneno, anaficha ukweli?

Tuanze na neno lenyewe. Nakshi tumelipata kwa Waarabu. Kwao ni naqsh, na kazi yake ya kwanza ni kuchonga, kuchora kwa kukata, kuacha alama ndani ya kitu kigumu. Limetembea kuliko sisi wakimbizi. Waturuki wanalitumia kwa maua ya kushonwa kwenye kitambaa. Bangladesh, wanawake wa vijijini wanachukua nguo zilizochakaa, wanazipanga moja juu ya nyingine, wanazishona kwa uzi wa rangi mpaka zinakuwa shuka lenye picha za samaki na maua, wanaliita nakshi kantha. Sikiliza vizuri: nguo zilizochakaa. Hakuna aliyewaambia wangoje mpaka wapate kitambaa kipya ndiyo waanze kupamba.

Lakini shina hilo la Kiarabu lina watoto wengine, na hao ndio walionishangaza. Kibano kidogo cha kutolea mwiba kinaitwa minqash. Yaani kuchonga ua kwenye mbao na kutoa mwiba kwenye mguu ni kitenzi kimoja. Na kupekua hesabu ya mtu mpaka senti ya mwisho, au kujadiliana jambo mpaka liishe, ni munaqasha. Mwanafunzi wa chuo kikuu kule Uarabuni akisimama mbele ya walimu kutetea tasnifu yake, tendo hilo linaitwa hivyo hivyo. Waswahili wa pwani nao walilichukua wakapata mnakasha, yaani mabishano. Kwa hiyo nakshi na mahojiano ni ndugu wa tumbo moja. Ukiketi mbele ya afisa anayekuuliza mara tatu ulitoka Uvira tarehe gani, anakufanyia kazi ya kibano, anatafuta mwiba.

Najua, asili ya neno si hoja. Neno linaweza kuzaliwa kwenye soko la mbuzi likafia kwa mfalme. Lakini hapa asili inatukumbusha kitu ambacho tumesahau tunapolitumia. Sisi tukisema "ametia nakshi" tunafikiria kitu kilichobandikwa juu, kama rangi, kama chumvi kwenye mboga. Fundi wa mbao hafanyi hivyo. Haongezi kitu. Mlango ukishachongwa ni mwepesi kuliko ubao ulioletwa asubuhi. Ua limetokea kwa sababu kuna kilichoondolewa, na yule fundi alipaswa kujua mbao inataka kupasukia wapi kabla hajagusa patasi. Nakshi ya namna hii haiwezi kufanywa kwenye mbao ambayo haipo.

Basi tuweke tofauti moja, itatusaidia mbele: kuna nakshi ya kuchonga na kuna nakshi ya kubandika.

Wazungu nao wana neno lao la mtindo wenye mapambo mengi, baroko. Historia yake ni nzuri kuijua, hasa kwa sisi ambao tunapewa majina na watu wengine. Wengi wanalirudisha kwenye Kireno, barroco, lulu ambayo haikutoka mviringo sawasawa. Kamusi ya Akademia ya Ufaransa ya 1694 ililitumia kwa lulu tu. Toleo la 1740 likaongeza maana ya pili: kitu kisicho sawa, cha ajabu-ajabu. Ilikuwa ni tusi. Bernini na Borromini, waliojenga makanisa na chemchemi za Roma katika karne ya 17, hawakujiita watu wa baroko hata siku moja. Walikuwa wamekufa zamani pale waliokuja nyuma na rula mkononi walipowabandika jina hilo. Ilingojewa mpaka 1888 ndipo Mswisi mmoja, Heinrich Wölfflin, akaandika kitabu cha kuonyesha kwamba mtindo ule una sheria zake mwenyewe na hauwezi kupimwa kwa sheria za mtindo mwingine. Lulu iliyopinda ni lulu. Imetoka kwenye chaza na imemuuma chaza kama ile ya mviringo.

Sasa, nisiwafanye muone kwamba nakshi ni kitu kisafi ambacho wabaya wanakionea. Hapana. Tuulize neno hili lilifikaje huku kwetu ziwani. Lilikuja na Kiswahili, na Kiswahili kilikuja na misafara ya biashara ya pwani iliyofika Ujiji katika karne ya 19, ikapanda kando ya Tanganyika mpaka upande wa Uvira. Walikuja kutafuta pembe za tembo, na walichukua watu. Huyo Rumaliza, jina lake halisi Muhammad bin Khalfan, alikuwa na ngome Ujiji, na watu wake walishambulia mpaka upande wa Burundi. Mwami Mwezi Gisabo ndiye aliyewazuia. Mwenzake Tippu Tip alirudi Unguja akafia huko 1905, na nyumba yake ipo mpaka leo Mji Mkongwe, ina mlango wa kuchongwa ambao watalii wanaupiga foto. Mlango mzuri kabisa. Pwani yote, mlango ulikuwa njia ya kusema mwenye nyumba ni nani: kadiri nakshi ilivyojaa kwenye fremu na kwenye mfaa, ndivyo mpita njia alivyojua ndani kuna mali. Na mali ile ilitoka wapi? Sehemu yake ilibebwa kichwani kutoka kwetu, kutoka Maniema, kutoka kando ya ziwa hili hili ninaloliona nikishuka mjini.

Kwa hiyo swali la kwanza la kuiuliza nakshi yoyote si kama ni nzuri. Ni nani ameilipia. Mlango ule umechongwa kwa kweli, sisemi umebandikwa, mikono ya fundi ilikuwa mikono hodari. Lakini ulilipiwa na watu ambao hawakuufungua kamwe.

Hapo ninakutana na mtu ambaye sikutegemea kukubaliana naye. Adolf Loos, mchora ramani za nyumba wa Vienna, mwanzoni mwa karne ya 20 alitoa hotuba iliyokuja kujulikana duniani, ambayo jina lake linaunganisha mapambo na jinai. Alisema pambo ni nguvu za mfanyakazi zinazopotezwa bure, na mtu wa kisasa hana haja nalo. Sehemu ya hotuba hiyo inachukiza: aliwachukua watu wa Papua wanaojichora mwilini kama mfano wa watu ambao bado hawajakua. Hilo nalitupa. Lakini lile la jasho la mfanyakazi silitupi. Ni kweli kuna mama anayelipwa kidogo sana kwa agaseke lenye nakshi za wiki mbili, halafu kikapu hicho kinauzwa mbali kwa bei ambayo hataisikia maishani mwake. Loos angesema: fuma kikapu kitupu, pumzika. Mimi ningesema: mlipe.

Na hapo ndipo niingie kambini.

Kuna mama mmoja, simtaji jina, aliyepewa kiwanja na vifaa katika kambi moja ya mikoani kama wengine wote. Akajenga, akakandika, halafu akachukua udongo mwekundu, majivu na udongo mweupe, akachora ukuta wa mbele mistari ya kupinda inayofuatana kama mgongo wa nyoka, na kuzunguka dirisha akaweka vidole-vidole. Hakununua kitu. Vyote alivichimba au alivitoa jikoni. Siku moja wageni wakapita, wa shirika moja, na mmoja wao akasema kwa Kifaransa, akidhani mama hasikii, kwamba hapa inaonekana hali si mbaya. Mama alikuwa amesoma mpaka sekondari. Akamjibu kwa Kiswahili, mkalimani akabaki anameza mate: "Kwani nyumba ya mukimbizi inapaswa kulia?"

Nimelifikiria jibu hilo muda mrefu. Mgeni hakuwa mtu mbaya. Ana orodha ya watu walio na shida zaidi, ana pesa kidogo kuliko orodha, na macho yake yamefundishwa kutafuta alama. Ukuta uliochorwa ameusoma kama alama ya kushiba. Lakini huo ni usomaji wa mtu ambaye mapambo kwake yanakuja mwishoni, baada ya mchele, baada ya minerval ya watoto, baada ya kila kitu. Kwa yule mama yamekuja mwanzoni. Ameniambia hakuweza kulala ndani ya nyumba isiyo na sura. Alihisi amelala kwenye bohari. Yaani nakshi haikumwambia mgeni "nimeshiba". Ilimwambia mama mwenyewe, kila akitoka kuchota maji, mlango wake ni upi kati ya milango mia inayofanana.

Na kama tunataka kuhesabu nani anapamba, tuhesabu wote. Shitingi yenyewe inakuja na nembo. Kisima kina kibao chenye nembo nne, bendera mbili na rangi ambazo mvua tatu hazijazifuta, wakati bomba limekauka. Ripoti zina foto ya mtoto anayecheka kwenye ukurasa wa mbele. Sisemi kwa ubaya. Wafadhili wanataka kuona, na bila kuona hawatoi. Ninachosema ni kwamba mashirika yanajua vizuri sana kwamba pambo ni lugha, na yanaitumia. Basi yasishangae ukuta wa udongo nao ukisema kitu.

Sasa maneno. Hapa ndipo penye hatari zaidi, kwa sababu ukuta ukieleweka vibaya utapoteza labda blanketi, lakini maneno yakieleweka vibaya utapoteza nchi ya kukupokea.

Baba mmoja wa kutoka upande wa Uvira alihojiwa. Akaeleza usiku wa shambulio, akasema: "Ilinyesha mvua ya risasi mpaka asubuhi." Ikatafsiriwa, ikaandikwa. Miezi ikapita, akaitwa tena, akaulizwa hali ya hewa ilikuwaje usiku ule. Akasema kulikuwa kukavu, ni mwezi wa saba, kiangazi, vumbi tupu. Wakamwonyesha karatasi: mara ya kwanza umesema ilinyesha. Alipojaribu kueleza, ikaonekana anageuza maneno. Ofisi siitaji, wala nchi iliyokuwa imempokea maombi. Ninataja tu kwamba mtu huyu hakuongeza hata punje moja juu ya yaliyompata. Alichonga. Usiku ule ulikuwa na sauti, na sauti ile kwake ilikuwa ya mabati wakati wa masika, na hakuna sentensi nyingine ya Kiswahili ingeweza kuibeba.

Wenzetu Warundi wanaelewa jambo hili kuliko wengi. Ethel Albert, mwanaanthropolojia wa Marekani aliyefanya utafiti nchini humu katikati ya miaka ya 1950, alichapisha makala mwaka 1964 kuhusu jinsi Warundi wanavyosema. Alieleza kwamba vijana wa kiume wa familia za juu walikuwa wanafundishwa kuanzia karibu miaka kumi jinsi ya kusema mbele ya mkubwa: namna ya kuomba, namna ya kutoa zawadi, namna ya kujitetea ukishtakiwa. Kusema kavu-kavu mbele ya mkubwa kulikuwa ni utovu wa adabu. Si Burundi peke yake. Kwetu pia mzee hawezi kuanza na tarehe. Anaanza na kuuliza hali yako, anapitia kwa babu, anatupa methali, ndipo anakaribia jambo, tena kwa pembeni. Ukimwambia "jibu ndiyo au hapana" unakuwa umemvua nguo.

Halafu mtu huyo, aliyefundishwa miaka sitini kwamba heshima ni kupamba, anaingia chumba ambamo heshima ni kutopamba. Hakuna aliyemwambia sheria imebadilika mlangoni.

Hata hivyo ninajua upande wa pili, na itakuwa si haki kuuficha. Kuna watu wanaouza hadithi. Kila mtu kambini anajua, na kila mtu mjini anajua. Wanakwambia: ukisema hivi hutapita, sema vile, ongeza kaka aliyeuawa, toa yule mjomba mwanajeshi. Hiyo ni nakshi ya kubandika. Imekatwa kutoka kwa mwili wa mtu mwingine ikagundishwa kwako. Na ubaya wake mkubwa hauko kwenye kumdanganya afisa. Uko kwa yule mama ambaye kaka yake ameuawa kweli, anakuja siku inayofuata na hadithi ileile, na afisa anashusha kalamu kwa sababu ameisikia mara kumi na tano. Muuza hadithi amemwibia jirani yake kifo cha ndugu yake. Nakosa neno dogo kuliko wizi.

Kwa hiyo simlaumu anayehoji kwa kuwa na kibano mkononi. Miiba ipo. Ila kitabu cha mwongozo cha HCR cha 1979, kinachoeleza taratibu za kuamua nani ni mkimbizi, kilikuwa tayari kimeona mbali kuliko baadhi ya wanaokitumia. Aya ya 199 inasema kwamba kauli zisizo za kweli peke yake si sababu ya kumkatalia mtu, na ni jukumu la anayehoji kuzipima pamoja na hali yote ya mtu huyo. Na mahali pengine kinasema penye shaka, kama maelezo kwa ujumla yanaaminika, shaka imfae mwombaji. Sasa kama hata uongo haukutoshi kumhukumu mtu moja kwa moja, tamathali ya usemi inamhukumuje?

Kuna rafiki yangu aliyeniambia: basi dawa ni sisi kujifunza kusema wazi, bila nakshi, kama polisi anavyoandika ripoti. Nusu ya neno lake nalikubali. Vijana wetu wafundishwe, hata wiki moja tu kabla ya mahojiano, kwamba chumba kile kinataka tarehe, mahali na nani alifanya nini, kwa mpangilio. Hilo si kuwafundisha kudanganya, ni kuwafundisha adabu ya nyumba wanayoingia. Nusu nyingine siikubali, kwa sababu ripoti ya polisi nayo ni mtindo. "Mhusika aliondoka kijijini kutokana na ukosefu wa usalama": soma sentensi hiyo taratibu uniambie ni nani alimfukuza. Kavu haimaanishi kweli. Nimewahi kuona uongo mkubwa ulioandikwa bila pambo hata moja, una muhuri.

Na wazee hawatajifunza wiki moja. Yule wa miaka sabini atasema atakavyosema. Hapo kazi inabaki kwa anayekaa katikati.

Mkalimani anaambiwa: usiongeze, usipunguze. Ni sheria nzuri, imetungwa kwa sababu kuna wakalimani waliokuwa wanapika maneno. Lakini mbele ya "mvua ya risasi" sheria hiyo inakuacha njia panda. Ukisema mvua, umekuwa mwaminifu kwa neno, umemsaliti mtu. Ukisema "walipiga risasi nyingi sana", umekuwa mwaminifu kwa maana, ila umemchukulia mzee sauti ya mabati yake, na usiku wake umefanana na usiku wa kila mtu kwenye kabati la dosie. Mimi ninapokaa kwenye kiti hicho ninatafsiri neno kama lilivyotoka, kisha ninaomba ruhusa kwa afisa kusema kwamba huo ni usemi wa kwetu, amuulize mwenyewe anamaanisha nini. Wengine wanakubali. Wengine wananitazama kama ninayetafuta kazi ya uwakili.

Swali lenyewe linachukua nusu dakika: "Baba, ilikuwa mvua ya maji, ao risasi?" Yule baba wa Uvira angelijibu na mambo yangeisha. Sasa ameandika rufaa, kurasa mbili, na ameniomba nimsaidie kusoma kabla hajaipeleka. Ameondoa mvua. Ameandika "silaha nyepesi na nzito". Nimemuuliza kama yeye amezitambua kwa majina silaha hizo, kwa sababu wataziulizia. Akasema hapana, alizisikia tu. Nikamwambia basi aandike alivyozisikia, na chini yake aongeze mstari wa kueleza. Hajaamua bado. Tumepanga kukutana juma tatu.